Askari, raia na serikali: namna falme tatu za Kiislamu zilivyotawala inchi kubwa



Katika somo la historia tunajifunza majina ya wafalme wa Ulaya: Charles Quint, François wa Kwanza, Louis XIV. Lakini katika miaka ile ile, yaani kati ya 1500 na 1700, kulikuwa wafalme watatu wengine wenye inchi kubwa na majeshi ya kutisha, na vitabu vyetu vinawapitia haraka haraka. Ni sultani wa Waosmani kule Istanbul, shah wa Wasafavi kule Irani, na padishah wa Wamoghuli kule Uhindi. Wote watatu walikuwa Waislamu.

Tumeona vema kuandika juu yao. Hatutaki kuhesabu vita vyao vyote. Tunataka kujibu swali moja tu: mutu mumoja mwenye kukaa katika jumba lake anawezaje kutawala inchi ambayo hata kwa farasi hawezi kuimaliza kwa mwezi muzima? Wakati ule hakuna simu, hakuna gari la moshi. Barua inapanda farasi. Feza ni sarafu za madini, nazo ni muzigo muzito. Falme zote tatu zilipata jibu lenye kufanana, na jibu lile lilikuwa na ugonjwa ndani yake. Tutaeleza jibu, kisha tutaeleza ugonjwa.

1. MANENO MATATU TUNAYOYASEMA KILA SIKU

Mbele ya kufungua karta, tuangalie maneno matatu: askari, raia, serikali. Yote matatu yametoka ngambo, nayo yalitumika katika falme hizi.

ASKARI ni neno la Kiarabu. Kwa Waosmani halikuwa na maana ya mwenye bunduki peke yake. Sheria yao iligawanya watu wote mafungu mawili. Fungu la kwanza ni askari: wapiganaji, wakubwa wa majimbo, waamuzi, walimu wa dini, wote wenye kutumikia sultani. Hao hawakulipa kodi za kawaida.

RAIA ni fungu la pili: walimaji, wachungaji wa kondoo, mafundi, wafanyabiashara, wawe Waislamu, Wakristo ao Wayahudi. Hao ndio wenye kulipa. Katika Kiarabu neno hili ni ndugu ya neno la kuchunga: raia ni kundi lenye kuchungwa.

SERIKALI inatoka katika Kiajemi, sarkar: sar ni kichwa, kar ni kazi, kwa hiyo ni «mukubwa wa kazi». Kule Uhindi wa Wamoghuli kila jimbo liligawanywa katika wilaya, na wilaya iliitwa sarkar. Neno likafika Pwani ya Afrika ya Mashariki kwa biashara ya bahari, kisha likapanda mpaka kwetu pamoja na Kiswahili chenyewe. Kumbe mutu akisema leo «serikali na raia», anasema bila kujua: mukubwa wa kazi na kundi lake. Swali ni kama kundi linachungwa ao linakamuliwa.

2. TUFUNGUE KARTA

Waosmani. Weka kidole juu ya Istanbul. Muji ule uko mahali bahari mbili zinapokutana kwa njia nyembamba, Bahari Nyeusi na Mediterania. Sultani Mehmed wa Pili aliuteka katika 1453. Katika 1517 Sultani Selim alichukua Misri, na ngano na muchele wa Nile vikaweza kufika Istanbul kwa merikebu. Katika siku za Süleyman, aliyetawala toka 1520 hata 1566, ufalme ulitoka Hungaria hata Basra, na toka Krimea hata Yemeni na Aljeri.

Kwa nini ulisimama pale? Jibu ni kalenda. Jeshi liliondoka Istanbul wakati wa majani mapya, sababu farasi wanakula majani. Lilipaswa kurudi mbele ya baridi kali. Katika 1529 Süleyman aliondoka mwezi wa tano kwenda kupiga Vienna, zaidi ya kilometa 1,200. Mvua ikaharibu njia, mizinga mikubwa ikabaki nyuma katika matope, na jeshi likafika mwisho wa mwezi wa tisa tu. Katikati ya mwezi wa kumi likageuka. Upande wa Irani ilikuwa vile vile: katika 1514 Selim alishinda vita ya Chaldiran na kuingia Tabriz, lakini askari wake walikataa kulala baridi pale, akarudi. Kwa njia ya bahari walifika mbali zaidi: katika 1585 nahodha Mir Ali Bey alitoka Yemeni na kufika Pwani ya Waswahili, lakini aliporudi Wareno walimukamata kule Mombasa katika 1589. Hakuna ukuta uliojengwa mahali hapo pote. Umbali ndio ulikuwa ukuta.

Wasafavi. Irani ni inchi ya juu, yenye milima kandokando na jangwa katikati. Maji yanaletwa kwa mifereji mirefu iliyochimbwa chini ya udongo. Watu wengi walikuwa wachungaji wenye kuhama na kondoo, na wachungaji wale ndio wapiganaji hodari wa farasi. Shah Ismail aliingia Tabriz katika 1501 akibebwa na makabila yale, yaliyoitwa Kizilbashi, maana yake «vichwa vyekundu», kwa sababu ya kofia zao. Lakini Tabriz ilikuwa karibu sana na mupaka wa Waosmani. Ndiyo maana makao ya shah yalihamishwa Qazvin, kisha Isfahan katika 1598, katikati ya inchi.

Wamoghuli. Babur alitoka Kabul na kushinda vita ya Panipat katika 1526. Alipata nini? Tambarare ya mito Yamuna na Ganges, udongo wenye kuzaa mara mbili kwa mwaka. Wanahistoria wanakadiria kwamba karibu na 1600 watu wa Uhindi walipita milioni 100, mara nyingi kuliko watu wa Irani. Kaskazini milima ya Himalaya inafunga njia. Kusini kuna Deccan, inchi ya mawe na ngome juu ya vilima. Tukumbuke jina hili, Deccan, tutalirudilia.

3. JIBU: ASKARI AKULE KODI YA KIJIJI

Sasa fikiri wewe ni sultani. Una wapanda farasi makumi ya maelfu. Kila mumoja anataka mushahara. Kodi iko katika vijiji, nayo ni magunia ya ngano, kondoo, asali. Je, utabeba ngano ya Anatolia hata Istanbul, uiuzishe, kisha urudishe feza Anatolia kulipa askari mwenye kukaa pale pale? Ni kazi bure. Basi unasema: askari akule kodi mahali inapoota.

Kwa Waosmani jambo hili liliitwa timari. Waandishi wa sultani waliingia kijiji kwa kijiji. Waliandika jina la kila mukubwa wa nyumba, shamba lake, kondoo zake, mizinga ya nyuki, mashini ya kusaga ya maji. Kisha waliandika: kijiji hiki kinaleta kiasi fulani kwa mwaka, na mupanda farasi fulani atakula kiasi hicho. Timari ya kawaida ilikuwa chini ya akche 20,000 kwa mwaka. Akche ni sarafu ndogo ya feza. Mwenye timari aliitwa sipahi. Alipaswa kwenda vitani na farasi wake na silaha zake, na kama mapato yake yanazidi, anaongeza watu wengine wenye silaha. Asipokwenda, timari inaondolewa.

Tuangalie vizuri: sipahi hakupewa shamba. Alipewa haki ya kukusanya kodi iliyoandikwa, basi. Na tena, hakuruhusiwa kuhukumu. Katika kila wilaya kulikuwa kadhi, mwamuzi mwenye kusoma sheria ya dini na amri za sultani. Sipahi akitaka kumutoza raia faini, ni lazima kadhi akate neno kwanza. Kadhi naye hakuwa chini ya mukubwa wa askari. Aliandika barua zake moja kwa moja Istanbul. Na raia mwenye kuonewa aliweza kupeleka malalamiko hata kwenye baraza la sultani, lililoitwa diwani. Si kila mulalamikaji alishinda, lakini mulango ulikuwako.

Katika inchi za mbali, kama Misri, Basra na Yemeni, Waosmani hawakugawanya timari. Kule mukubwa wa jimbo alipata mushahara wa mwaka, alilipa majeshi ya pale, na kilichobaki alikituma Istanbul.

Kule Uhindi, Akbar, mujukuu wa Babur, aliyetawala toka 1556 hata 1605, alifanya hesabu yenye kushangaza. Kila mukubwa alipewa namba, iliyoitwa mansabu: mutu wa 10, mutu wa 500, mutu wa 5,000. Namba ilionyesha cheo chake na wapanda farasi aliopaswa kuleta. Wakubwa walizoea kudanganya: siku ya kuhesabiwa wanaazima farasi za jirani! Basi Akbar akaamuru kila farasi apigwe chapa ya moto, na sura ya kila askari iandikwe katika kitabu.

Kwa kumulipa, mukubwa alipewa jagiri, yaani kodi ya vijiji vilivyohesabiwa, kama timari. Lakini alihamishwa, mara nyingi kila miaka 3 ao 4, asipate kuota mizizi. Na katika jimbo kulikuwa wakubwa wawili: wa kwanza alishika askari na amani, wa pili, aliyeitwa diwani, alishika feza. Diwani hakujibu kwa mwenzake. Alijibu kwa diwani mukuu wa padishah. Mwenye upanga hana ufunguo wa sanduku, na mwenye ufunguo hana upanga.

Mutu aliyetengeneza hesabu ya kodi aliitwa Todar Mal, naye alikuwa Muhindu, si Mwislamu. Mbele yake walipima mashamba kwa kamba ya katani, na kamba ikilowa umande inakuwa fupi, na raia anapoteza. Wakaiacha, wakapima kwa fimbo za mianzi zilizounganishwa kwa pete za chuma. Katika 1580 wakachukua mavuno na bei za miaka 10, wakatafuta kiasi cha katikati, na kodi ikawa karibu sehemu moja ya tatu ya mavuno, yenye kulipwa kwa feza. Theluthi si kidogo, ndugu zangu! Lakini raia alijua mbele ya kupanda namna atakavyohesabiwa.

4. WATU WASIO NA UKOO

Shida ya pili ya kila mufalme ni ukoo. Ukimupa mutu jimbo, ndugu zake wote wanakuja kula naye, na kesho wana jeshi. Irani iliona hivyo. Wakubwa wa Kizilbashi walipewa majimbo, kila mumoja na kabila lake. Shah Tahmasp alipopata kiti katika 1524, alikuwa mutoto wa miaka 10, na makabila yakapigana karibu miaka 10 kwa kumushika mukono.

Shah Abbas, aliyetawala toka 1587 hata 1629, alitafuta dawa. Alichukua vijana wa Georgia, Armenia na Cherkes, wengi wao mateka wa vita, akawafanya Waislamu na askari wake mwenyewe. Hawakuwa na ukoo pale, walimutegemea yeye tu. Mumoja wao, Allahverdi Khan, Mujorjia, akawa mutawala wa jimbo la Fars na kujengesha daraja la matao 33 kule Isfahan, lenye kusimama hata leo.

Waosmani walikuwa wameanza jambo hili zamani. Waandishi wao walipita vijiji vya Wakristo, zaidi sana katika Balkani, wakachukua watoto wanaume. Watoto wakafanywa Waislamu, wengi wakawa askari wa miguu walioitwa yanisari, na wenye akili nyingi wakasomeshwa katika jumba la sultani. Sokollu Mehmed alichukuliwa hivyo kule Bosnia. Akawa waziri mukuu toka 1565 hata 1579, chini ya masultani watatu.

Vitabu vingine vinasifu mupango huu: mutoto wa mukulima anakuwa waziri! Ni kweli, na kule Ulaya wakati ule jambo hilo lilikuwa gumu kuonekana. Lakini tuseme kweli yote. Mutoto alinyanganywa mikononi mwa mama yake, na waziri yule, hata na utajiri wake, kwa sheria alikuwa mutumwa wa sultani. Sultani aliweza kumuua bila hukumu ya kadhi. Usawa huu ulilipwa kwa machozi ya watu ambao hawakuulizwa.

Juu ya dini, kila ufalme ulikuwa na njia yake. Waosmani waliacha Wakristo na Wayahudi wafuate dini zao, lakini walilipa kodi ya kichwa iitwayo jizya. Akbar alitawala inchi ambayo wengi ni Wahindu, akaondoa jizya katika 1564. Aurangzeb, kitukuu chake, akairudisha katika 1679. Na Shah Abbas katika 1604 alihamisha Waarmenia kwa nguvu toka mupakani, wengi wakafa njiani; waliofika Isfahan wakapewa mutaa wao, makanisa yao na biashara ya hariri.

5. UGONJWA

Sasa tufike kwenye ugonjwa. Mutu mwenye kula kodi ya kijiji, je, umuhamishe haraka ao umuache akae?

Ukimuhamisha haraka, hana huruma. Anajua kwamba mwaka kesho kijiji ni cha mwingine. Kwa nini atengeneze mufereji? Kwa nini aache mbegu? Munganga mumoja Mufaransa, François Bernier, alikaa Uhindi karibu miaka 10 toka 1658, naye aliandika kwamba wenye jagiri walikamua walimaji kwa sababu hii, mpaka wengine waliacha mashamba na kukimbia. Wahenga walisema: chovya chovya humaliza buyu la asali.

Ukimuacha akae, anageuka mufalme mudogo. Waosmani waliona hayo. Vita vilibadilika: bunduki na ngome vilitaka askari wa miguu wengi, wenye kulipwa feza taslimu mwaka muzima, na sipahi wa farasi akapungua faida. Serikali ikatafuta feza upesi. Ikauzisha haki ya kukusanya kodi: tajiri analipa Istanbul kwanza, kisha anajirudishia kwa raia, na faida juu yake. Katika 1695 wakaanza kuuzisha haki ile kwa maisha yote ya munununuzi. Feza ziliingia, ni kweli, na ufalme uliendelea kuishi hata 1922. Lakini katika majimbo zikaota jamaa kubwa zenye askari wao wenyewe, na sultani alipaswa kuwabembeleza.

Irani ilijaribu njia ya tatu. Kwa kulipa askari wake wapya, Shah Abbas aliondoa majimbo mengi mikononi mwa wakubwa, akayafanya mali ya shah mwenyewe, na wajukuu wake wakazidisha. Pale akaja msimamizi wa kukusanya tu. Mipaka ikabaki bila mukubwa mwenye askari. Katika 1722 Waafgani wakafika mpaka Isfahan, wakaizunguka miezi mingi, watu wakafa kwa njaa, na shah akatoka kutoa taji lake.

Na Deccan? Aurangzeb alikwenda kule katika 1681 na hakurudi kaskazini tena mpaka kufa kwake katika 1707. Alishinda Bijapur katika 1686 na Golconda katika 1687. Kwa kutuliza wakubwa wa kule, aliwapa vyeo. Lakini vyeo vilikuwa vingi kuliko vijiji vyenye kulipa. Mutu ana namba yake katika kitabu, lakini jagiri hakuna. Askari wenye cheo bila mushahara, tunajua wanafanya nini: wanajilipa wenyewe. Baada ya 1707, wakubwa wa Bengali, Awadh na Hyderabad wakaacha kuhamishwa na kuanza kurisisha watoto wao majimbo.

6. MWISHO

Tumalize na tarehe moja: 1765. Mwaka ule padishah Shah Alam, aliyebaki na jina kubwa na nguvu kidogo, aliwapa wafanyabiashara Waingereza wa Kampuni ya Uhindi ya Mashariki haki ya diwani ya Bengali, maana yake kukusanya kodi. Kampuni ilikuwa imekwisha kuwa na askari. Sasa ikapata na ufunguo wa sanduku. Yale mambo mawili ambayo Akbar aliyatenga yakaingia katika mukono mumoja, na mukono wenyewe ulitafuta faida tu. Katika 1769 na 1770 mvua zikakosa, kodi ikaendelea kudaiwa, na katika njaa ile mamilioni ya watu wa Bengali wakafa.

Ndiyo maana tunasema: historia ya falme hizi haiko historia ya masultani na mataji tu. Iko ndani ya maswali manne madogo ambayo mukulima wa Anatolia, wa Fars ao wa Bengali aliyauliza kila mwaka: Nani amepima shamba langu? Nani anakusanya? Nani anamulipa yule mwenye kukusanya? Nikionewa, niende kwa nani? Wakati majibu yalikuwa watu mbalimbali, raia alipumua kidogo. Wakati jibu la yote lilikuwa mutu mumoja, kundi lilikamuliwa mpaka damu.

Wenzetu wenye mutihani wa historia, mujaribu kujibu:

— Kwa nini jeshi la 1529 lilichelewa kufika Vienna?
— Timari na jagiri vinafanana wapi, na vinaachana wapi?
— Kwa nini Akbar alitenga mukubwa wa askari na diwani?
— Shah Abbas alipata faida gani kwa askari wake wapya, na hasara gani ilikuja nyuma?

Mwenye kuchora karta nzuri ya falme hizi tatu, aitundike ukutani mwa darasa lake, wote waione. Kwaherini.